Mashauri ya Nyumbani: Arabuni si zawadi



Juma hili twataka kunena juu ya feza ndogo. Feza kubwa zina walinzi wengi: zina maandiko, zina mashahidi, zina avoka. Lakini feza ile mtu anayoitoa mbele ili ashikiwe nafasi, iwe ni ukumbi wa arusi, iwe ni chumba cha kulala safarini, hiyo mara nyingi hupotea kimya. Mwenye kuipokea husema: «Ndiyo desturi». Mwenye kuitoa huinamisha kichwa na kwenda zake. Twataka kuuliza leo kama desturi hiyo ni ya haki.

Tuanze na habari ya nyumbani mwetu wenyewe. Mdogo wetu alikuwa Uingereza kwa masomo, pamoja na mkewe na watoto wawili. Huko Ulaya jamaa nyingi zisizo na feza ya hoteli hupumzika katika viwanja vya mahema kando ya bahari. Mtu huandika mapema, hutoa sehemu ya bei, na mwenye uwanja humshikia mahali pa kusimamisha hema lake, penye maji na choo karibu. Mwezi wa Januari mwaka 2020 mdogo wetu alishika nafasi ya juma moja mwishoni mwa mwezi wa Mei. Bei yote ilikuwa pauni 240, naye alitoa arabuni ya pauni 60. Watoto walikuwa hawajaiona bahari.

Tarehe 23 Machi 2020 serikali ya Uingereza iliamuru watu wakae majumbani kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Viwanja vya mahema vilifungwa. Baada ya siku chache ikaja barua ya mwenye uwanja: safari imefutwa, arabuni hairudishwi, kama ilivyoandikwa katika masharti, lakini feza hiyo itahesabiwa kwa safari ya mwaka ujao. Mdogo wetu alikuwa amaliza masomo na kurudi Kongo kabla ya mwaka huo kwisha. Mwaka ujao haukuwa na faida yoyote kwake.

Alitupigia simu kutaka shauri. Nasi, twakiri kwa haya, tulimpa shauri bovu. Tulimwambia: «Mdogo wangu, mwenye kushika feza ndiye mwenye nguvu. Uliweka sahihi chini ya masharti. Iache». Ndipo shemeji yetu, aliyekuwa akisikia, akaichukua simu akasema: «Kaka, pauni sitini ni makoti ya baridi ya watoto wote wawili. Niambie neno moja tu: nani aliyevunja mapatano? Sisi au wao?»

Hatukuwa na jibu. Tulikata simu, tukaenda kusoma. Na tuliyoyasoma ndiyo twawaletea leo.

Kwanza neno lenyewe. «Arabuni» ni neno la kale sana. Latoka katika lugha za Wasemiti, na wafanya biashara wa kale walilieneza pande zote za bahari. Wagiriki walilichukua, Walatini wakalipokea kwa Wagiriki, na kutoka Kilatini likawa «arrhes» ya Wafaransa na Wabelgiji. Kwetu lilikuja kwa njia ya Kiarabu. Basi arabuni na «arrhes» ni ndugu wa tumbo moja. Mtakatifu Paulo naye alilitumia alipowaandikia Waefeso: Roho Mtakatifu ndiye arabuni ya urithi wetu. Fikirini maana yake. Arabuni ni sehemu ndogo itolewayo sasa ili kuthibitisha kwamba kitu kizima kitakuja. Ikiwa kitu kizima hakiji kamwe, na kosa si la mtoaji, hiyo arabuni yathibitisha nini? Imebaki bila kazi. Ni feza ya mtu mwingine iliyolala mkononi mwa asiye mwenyewe.

Waingereza walihitaji miaka karibu arobaini kulikubali neno hilo katika mahakama zao. Habari yenyewe ni hii.

Mwaka 1902 Mfalme Edward VII alikuwa avikwe taji mjini London tarehe 26 Juni, na maandamano makubwa yalikuwa yapite njiani siku mbili. Wenye nyumba kando ya njia walikodisha madirisha na vyumba vyao kwa bei ya juu sana. Bwana mmoja, Henry, alikodi vyumba katika njia ya Pall Mall kwa pauni 75. Akatoa 25 mbele, na 50 zikabaki. Lakini siku mbili kabla ya sherehe mfalme alipasuliwa kwa ajili ya ugonjwa wa kidole tumbo. Maandamano hayakupita. Mfalme alikuja kuvikwa taji tarehe 9 Agosti, lakini mapatano ya mwezi wa Juni yalikuwa yamekwisha kufa.

Bwana Krell, mwenye vyumba, alidai zile pauni 50. Mwaka 1903 Korti ya Rufani ikasema: hapana. Vyumba vipo, ni kweli, na madirisha yapo. Lakini kilichokodiwa hasa ni kuona maandamano, na maandamano hayakuwapo. Henry hakulipa zile 50. Lakini zile 25 alizotoa mbele hakurudishiwa. Mwenyewe aliyaacha madai yake juu yake.

Mwaka uliofuata, 1904, ikaja kesi ya pili, nayo ilikuwa kali zaidi. Bwana Chandler alikuwa amekodi chumba katika njia ile ile kwa pauni 141 na shilingi 15. Alikuwa ametoa pauni 100. Alidai arudishiwe. Korti ikamjibu kwamba feza iliyokwisha kutolewa hubaki pale ilipo. Na tena, kwa kuwa salio lilipasa kulipwa kabla ya siku ya kufutwa maandamano, alipe na pauni 41 na shilingi 15 zilizobaki. Yaani mtu huyo alilipa bei yote kamili ili atazame njia tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Uingereza kwa miaka 38, na hiyo ndiyo fikira tuliyompa mdogo wetu kwa simu, bila kujua kwamba imekwisha kuzikwa zamani.

Ilizikwa na vita. Mwezi wa Julai mwaka 1939 kampuni moja ya Polonia, jina lake Fibrosa, iliagiza mashine za kuchana kitani kwa kampuni ya mji wa Leeds. Bei ilikuwa pauni 4,800, na Wapolonia walitoa 1,000 mbele. Mashine zilikuwa zipelekwe katika bandari ya Gdynia. Tarehe 1 Septemba Wajerumani wakaishambulia Polonia, wakaitwaa Gdynia. Mashine hazikuweza kwenda. Wapolonia wakaomba pauni zao 1,000. Wenye kiwanda wakakataa: kazi wameianza, feza imetumika.

Kesi ilipanda hata Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kuliko zote. Tarehe 15 Juni 1942 Malodi walihukumu kwamba kesi ya Chandler iliamuliwa vibaya. Mtu aliyelipa kwa ajili ya kitu, na asipate hata chembe ya kitu hicho, arudishiwe feza yake. Fibrosa ikapata zile pauni 1,000.

Lakini Malodi wenyewe waliona upungufu katika hukumu yao. Je, yule fundi aliyekwisha nunua chuma na kulipa wafanyakazi, naye hana kosa la vita, abebe hasara yote peke yake? Kwa sababu hiyo Bunge lilitoa sheria mpya mwaka 1943. Yasema hivi kwa kifupi: mapatano yakiuawa na jambo lisilo kosa la mtu yeyote, feza iliyotolewa mbele irudishwe, lakini mahakama ikiona ni haki, yaweza kumwachia mpokeaji sehemu ya feza hiyo kwa ajili ya gharama alizozitumia kweli kwa kazi ile. Gharama za kweli, tunasema, si gharama za mdomo.

Wasomaji, hapo ndipo tulipofahamu swali la shemeji. Kuna milango mitatu ya kuvunjika mapatano, na kila mlango una njia yake. Mtoaji akijivunjia mwenyewe kwa kubadili nia, ana hatari ya kupoteza arabuni. Kwa ajili hiyo ilitolewa. Mpokeaji akivunja, yampasa kurudisha, na huenda akadaiwa zaidi. Na likija jambo lililo nje ya wote wawili, kama vita au tauni, feza irudi, ila zile gharama za haki. Kosa la watu wengi, na letu sisi, ni kuitumia hukumu ya mlango wa kwanza kwa milango yote mitatu. «Arabuni hairudishwi» ni neno la kumzuia mtoaji asicheze na wakati wa mwenzake. Si ruhusa kwa mpokeaji kuufunga mlango na kubaki na feza.

Mwaka ule wa 2020 ofisi ya serikali ya Uingereza iangaliayo ushindani na masoko ilitoa tangazo tarehe 30 Aprili. Ilisema kwamba mfanya biashara akiufuta mpango bila kutoa chochote alichokiahidi, mnunuzi kwa kawaida arudishiwe feza yote, hata ikiwa iliitwa arabuni isiyorudishwa. Na mtu asisukumwe kupokea karatasi ya safari ya baadaye badala ya feza yake.

Basi tulimwandikia mdogo wetu mambo hayo, tukamwomba radhi, naye akaandika barua kwa mwenye uwanja. Twaiweka hapa kwa Kiswahili, kwa maana ni mfano mwema wa barua isiyo na matusi wala kuomba-omba:

«Bibi mheshimiwa. Tarehe fulani ya Januari nililipa pauni 60 ili nishikiwe nafasi kuanzia tarehe fulani ya Mei. Kwa barua yako ya Aprili ulinijulisha kwamba uwanja umefungwa, na nafasi yangu imefutwa. Sikuifuta mimi. Nafahamu kwamba si kosa lako pia. Kwa sheria ya mwaka 1943, na kwa tangazo la tarehe 30 Aprili, naomba unirudishie feza hiyo katika siku 14. Siwezi kupokea nafasi ya mwaka ujao kwa sababu nitakuwa nimekwisha rudi kwetu. Ikiwa zipo gharama ulizozifanya kwa ajili ya nafasi yangu, tafadhali uniandikie ni zipi. Naweka pamoja nakala ya malipo na ya barua yako».

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Bibi yule alieleza kwamba hakuna aliyelala uwanjani mwake tangu mwezi wa Machi, na watu zaidi ya thelathini wanadai pamoja. Hakutaja gharama. Aliomba arudishe nusu mwezi wa Juni, na nusu baada ya milango kufunguliwa. Mdogo wetu alikubali, akaomba jambo hilo liandikwe. Viwanja vya Uingereza vilifunguliwa tena tarehe 4 Julai, na mwezi wa Agosti zikafika pauni 30 za mwisho. Makoti yalinunuliwa.

Kama bibi yule angalikataa, bado njia zilikuwapo. Huko Uingereza, mtu aliyelipa hata sehemu tu kwa kadi ya mkopo, na bei ya kitu chenyewe ikiwa ni zaidi ya pauni 100 wala haipiti 30,000, aweza kuidai kampuni ya kadi yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1974. Aliyelipa kwa kadi ya kawaida ya benki aweza kuiomba benki ijaribu kuivuta feza irudi, asikawie tu. Na mwisho kuna mahakama ya madai madogo, ambamo mtu husimama mwenyewe bila avoka.

Wenye ndugu Ufaransa wajue kwamba huko neno moja tu la karatasi hubadili mambo. Sheria ya wanunuzi yasema kwamba feza itolewayo mbele kwa mfanya biashara ni «arrhes», isipokuwa mapatano yameandika vingine. Ikiwa ni «arrhes», mnunuzi akivunja, huipoteza. Mfanya biashara akivunja, hurudisha mara mbili. Aliyepokea euro 100 atoe 200. Lakini ikiwa imeandikwa «acompte», hiyo ni sehemu ya kwanza ya bei, na wote wawili wamefungwa: hakuna awezaye kutoka kwa kuiacha feza tu, na atakayevunja aweza kudaiwa fidia. Na jambo likitoka nje ya nguvu za mtu, feza hurudi yenyewe bila kuongezwa. Katika mwaka ule wa 2020 serikali ya Ufaransa iliwaruhusu wenye hoteli na viwanja vya mahema kutoa karatasi ya deni ya miezi 18 badala ya feza. Na miezi hiyo ikipita bila karatasi kutumiwa, feza irudishwe.

Sasa turudi kwetu. Hapa Kongo wachache kati yetu hulala mahemani kwa kupumzika. Lakini nani hajakodi ukumbi? Jirani zetu walikuwa wakimwoza binti yao. Walitoa dola 200 juu ya bei ya dola 600. Majuma matatu kabla ya siku, mwenye ukumbi akasema: «Siku hiyo imechukuliwa na mtu mwingine. Rudini mwezi ujao». Watu wote walijua kwamba huyo mwingine alitoa zaidi. Kisha akawarudishia dola 100, na 100 akazishika «kwa gharama». Gharama gani? Hakuzitaja.

Jirani walileta karatasi yao. Ilikuwa kipande cha daftari la shule chenye maneno haya tu: «Nimepokea dola 200». Hakuna tarehe, hakuna siku ya arusi, hakuna sahihi isomekayo. Wazee wa mtaa waliketi, na baada ya maneno mengi dola 100 zilizobaki zilirudi. Lakini kadi za kualika zilikuwa zimekwisha chapwa na kugawanywa; hasara hiyo hakuna aliyeilipa. Arusi ilifanyika uani chini ya turubai, na mvua ilinyesha.

Sheria yetu haikuwa bubu. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo ingali ikitumika Kongo, yasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Asiyetimiza, wala hawezi kuonyesha sababu iliyo nje yake, adaiwa fidia. Na juu ya ahadi ya kuuza iliyotiwa arabuni, dekreti hiyo yafuata kanuni ile ya Wabelgiji na Wafaransa: mtoaji akiacha, aipoteza, mpokeaji akiacha, arudisha mara mbili. Kanuni hiyo imeandikwa kwa ajili ya kuuza. Basi kwa kukodi ukumbi, gari au viti, ni heri mwiandike wenyewe katika karatasi yenu. Mkishaiandika, ni sheria yenu.

Mashauri yetu ni haya, nayo si mengi.

Kwanza, kabla ya kutoa hata franka moja, ulizeni: «Wewe ukivunja, itakuwaje?» Watu huuliza daima juu ya kuvunja kwao, hawaulizi juu ya kuvunja kwa mwenzao.

Pili, karatasi iwe na majina mawili, tarehe ya leo, siku ya shughuli, bei yote, feza iliyotolewa, na neno la kuvunja. Ikiwa mmelipa kwa simu, hifadhini ujumbe wa malipo, msiufute. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, mkipewa habari ya kufutwa, ombeni iandikwe. Wala msiandike ninyi kwanza kwamba hamtakuja. Mkifanya hivyo, mwaingia kwa mlango wa mtoaji aliyevunja.

Nne, dai kwa maandiko, kwa upole, na kwa siku zilizohesabiwa. Siku zikipita, waendeeni wazee wa mtaa. Wakishindwa, Tribinali ya Amani ipo kwa madai madogo.

Na kwenu mnaopokea feza za watu, twasema neno moja. Arabuni iliyo sandukuni mwenu si mshahara wenu mpaka kazi ifanyike. Msiinunulie saruji leo feza ya arusi ya mwezi ujao. Na ikiwapasa kurudisha, nanyi hamna, fanyeni kama yule bibi wa Uingereza: semeni kweli, ombeni siku, timizeni. Alipoteza mapato ya majira mazima. Jina lake hakulipoteza.

Mwisho, wanafunzi wetu, hesabu yenu ya juma hili. Baba alishika ukumbi kwa franka 900,000, akatoa theluthi moja mbele. Karatasi yasema: mwenye ukumbi akivunja, arudishe mara mbili. Naye amevunja, akamletea Baba franka 300,000 huku akisema, «Tumemalizana». Je, wamemalizana? Andikeni jibu, kisha mwonyesheni Baba karatasi hii, kabla hajaenda kutoa arabuni nyingine.